Bega, kichwa, mguu: maisha ya kazi ya Alex Smith kwa jicho la fiziotherapia

Tarehe 18 Novemba 2018, kwenye uwanja wa timu yake ya Washington, mchezaji wa futiboli ya Marekani Alex Smith alirudi nyuma hatua chache akitafuta mwenzake wa kumpasia mpira. Kabla hajaurusha, Kareem Jackson na J.J. Watt wa Houston Texans walimfikia karibu kwa pamoja, wakamwangusha. Mguu wake wa kulia ulibaki chini ya uzito wa miili, ukajipinda. Mifupa yote miwili ya chini ya goti ilivunjika kwa kujizungusha, kama nguo inavyokamuliwa, na ncha ya mfupa ikatoboa ngozi.

Siku hiyo uwanjani alikuwepo Joe Theismann, mchezaji wa zamani wa Washington aliyecheza nafasi ileile ya Smith, ambaye naye alivunjika mguu wa kulia akicheza, tarehe 18 Novemba 1985. Miaka 33 kamili, siku ileile. Theismann hakucheza tena baada ya siku yake.

Ninafanya kazi katika idara ya fiziotherapia, na kila ninapofundisha wanafunzi kuhusu mfupa uliotoboa ngozi huanza na Smith. Wengi wao hawajawahi kutazama futiboli ya Marekani, kwa hiyo nawaeleza kwanza: kila upande una watu 11, na mmoja wao, kwotabeki, ndiye anayepokea mpira mwanzoni mwa kila shambulio na kuamua aende nao wapi. Ana sekunde mbili au tatu za kuamua, huku majabali ya kilo mia na zaidi yakimkimbilia. Anayesifiwa kwanza timu ikishinda ni yeye, na anayezomewa kwanza ikishindwa ni yeye.

Wanaosimulia habari za Smith husema alipanda, akashuka, akapanda tena, wakamaliza kwa kusifu moyo wake. Moyo anao, sibishi. Lakini nikiipitia kazi yake ya miaka 16 kama ninavyopitia faili la mgonjwa, naona mwili ulioumia vibaya mara tatu, na mara zote tatu kilichoamua hatima yake ni namna waliomzunguka walivyolipokea jeraha lile.

Aliingia NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani, mwaka 2005 akiwa wa kwanza kabisa kuchaguliwa kati ya vijana wote waliotoka vyuoni, akiwa na umri wa miaka 20. Alikuwa ametoka Chuo Kikuu cha Utah, ambako msimu wake wa mwisho hawakufungwa hata mchezo mmoja. San Francisco 49ers walimpa mkataba wa dola milioni 49.5 kwa miaka sita. Kijana mwingine wa nafasi yake, Aaron Rodgers, alingoja mpaka nafasi ya 24, na kwa miaka mingi watu wa San Francisco walikuwa wakiuliza kwa nini hawakumchukua yule. Hilo swali lilimwandama Smith kama kivuli.

Msimu wa kwanza ulikuwa mchungu. Alitoa pasi moja tu iliyozaa tachidauni, yaani iliyofikishwa mwisho wa uwanja kwa alama, na pasi 11 zilinaswa na wapinzani. Timu ilikuwa dhaifu, na karibu kila mwaka alibadilishiwa mtu wa kupanga mashambulizi. Kufikia 2011 alikuwa amepitia mikononi mwa saba. Kila mmoja alikuja na misamiati yake, ishara zake na hesabu zake za hatua, na kwotabeki lazima ajifunze yote upya. Fikiria mtoto anayebadilishiwa lugha ya kufundishia kila Januari, halafu anapimwa kwa mtihani uleule.

Jeraha la kwanza lilikuja mwaka 2007, kwenye bega la kulia, ndilo la kurushia. Kano zinazoushikilia mtulinga kwenye ncha ya bega zilichanika. Mtu wa kawaida akiumia hivyo hubeba ndoo kwa mkono wa pili na maisha yakaendelea, ila kwotabeki bila bega hilo ni fundi cherehani asiye na vidole. Smith alijaribu kucheza hivyohivyo, akacheza vibaya, na yeye na kocha wake wa wakati huo wakaonekana kutofautiana hadharani kuhusu ukubwa wa maumivu. Mwishowe alipasuliwa, na msimu wote wa 2008 hakucheza.

Ningependa wasomaji wangu, hasa makocha wa shule na wazazi, wakae kidogo hapa. Maumivu hayaonekani kwenye picha ya eksirei. Mchezaji akisema bega linauma na mkubwa wake akasema halijafikia hapo, mchezaji atafanya mambo mawili: atanyamaza, na atabadilisha namna ya kurusha ili kulikwepa eneo linalouma. Ule mtindo mpya unaiumiza misuli mingine, kisha tunaanza kutibu majeraha matatu badala ya moja. Nimeona hivyo kwa warusha mkuki na kwa magolikipa.

Kisha akaja kocha Jim Harbaugh mwaka 2011, na mtu yuleyule aliyeitwa hasara akaongoza timu kushinda michezo 13 na kupoteza mitatu. Pasi zilizonaswa msimu mzima zilikuwa tano tu. Januari 2012, kwenye mtoano dhidi ya New Orleans Saints, zikiwa zimebaki sekunde 9, alimpasia Vernon Davis katikati ya mabeki mpira uliokwenda kama umepimwa kwa uzi, na 49ers wakashinda 36 kwa 32. Wiki moja baadaye walitolewa na New York Giants baada ya muda wa nyongeza. Hata hivyo mji ulikuwa umempenda kwa mara ya kwanza.

Novemba 2012, dhidi ya St. Louis Rams, aligongwa kichwa. Aliendelea kucheza kwa muda, akatoa na pasi ya tachidauni, huku akiona ukungu. Halafu alisema ukweli kuhusu macho yake, akatolewa. Aliyeingia ni Colin Kaepernick, kijana mwenye mbio na mkono wa nguvu. Smith alipopona hakurudishiwa nafasi yake, ingawa alikuwa akifikisha pasi saba katika kila kumi, mwaka bora kuliko yote aliyokuwa amecheza mpaka hapo. 49ers walifika Super Bowl, fainali ya ligi, yeye akiwa benchi. Alisema wazi wakati ule kwamba kitu pekee alichofanya kupoteza kazi yake ni kupata mtikisiko wa ubongo.

Katika habari zote za mtu huyu, hili ndilo linalonikera zaidi, kuliko hata mguu. Kocha alikuwa na haki ya kuchagua amtakaye. Ila jambo moja kila mchezaji aliyekuwa akitazama alilielewa: ukisema unaona ukungu, mwenzako atachukua mkate wako. Mtikisiko wa ubongo hauna damu wala uvimbe. Dalili zake ni maneno ya mgonjwa: kichwa kinauma, mwanga unaniudhi, sikumbuki tulifungaje, nasikia kichefuchefu. Mgonjwa akifunga mdomo, sisi wataalamu tunabaki kubahatisha, na kichwa kikigongwa tena kabla ubongo haujatulia madhara huwa makubwa zaidi. Aliyegongwa akaonyesha dalili hizi hatakiwi kurudi uwanjani siku hiyo, hata akiapa kwamba yuko sawa. Akianza kutapika mfululizo, kupoteza fahamu, kusinzia asiamke vizuri au maumivu ya kichwa yakizidi, ni hospitali moja kwa moja.

Mwaka 2013 aliuzwa kwenda Kansas City Chiefs chini ya kocha Andy Reid. Misimu mitano ile ilikuwa ya utulivu: michezo 50 ya msimu wa kawaida aliyoianza alishinda, 26 alishindwa, na mara nne timu ilifika mtoano. Palikuwa na usiku wa kuumiza pia. Januari 2014 waliongoza 38 kwa 10 dhidi ya Indianapolis Colts, wakafungwa 45 kwa 44. Na mwaka 2017, alipokuwa kwotabeki mwenye alama za juu kuliko wote kwenye ligi kwa ufanisi wa pasi, klabu ilikuwa tayari imemchagua Patrick Mahomes aje kumrithi. Smith alimkaribisha kijana yule na kumfundisha kazi, jambo ambalo Mahomes mwenyewe amelishukuru mara nyingi. Msimu ulipoisha, Smith akauzwa Washington.

Huko Washington alikuwa ameshinda michezo sita kati ya tisa ilipofika siku ile ya Novemba 2018.

Wengi hudhani kilichotaka kumuua ni mfupa. Mfupa ulitengenezwa. Kilichotaka kumuua ni tundu kwenye ngozi. Mfupa ukitoboa ngozi, uchafu wa nje hupata njia mpaka ndani, mahali ambapo damu imemwagika na nyama imepondeka, na bakteria hawahitaji karamu nzuri kuliko hiyo. Siku chache baada ya upasuaji homa ilipanda, malengelenge yakatokea, ngozi ikageuka nyeusi. Walikuwa bakteria wanaokula nyama, na maambukizi yalikuwa yameshaingia kwenye damu. Mkewe, Elizabeth, aliambiwa na madaktari kwamba kuokoa uhai ni kwanza, mguu ni wa pili, na kwamba huenda ukakatwa juu ya goti. Walikata nyama iliyokufa safari baada ya safari. Kwa jumla alifanyiwa upasuaji mara 17. Pengo lililobaki kwenye muundi lilizibwa kwa msuli uliochukuliwa kwenye paja lake la kushoto.

Kwenye wodi zetu mvunjiko wa namna hii ni wa kila wiki, na sababu yake kubwa ni pikipiki. Kwa hiyo nisemalo hapa linamhusu abiria wa bodaboda kama lilivyomhusu Smith. Mfupa ukichungulia nje, usiurudishe ndani. Funika kidonda kwa kitambaa kisafi, funga mguu kwenye ubao au hata boksi gumu ili usicheze, kimbia hospitali. Kidonda kinatakiwa kuoshwa vizuri chumba cha upasuaji, dawa za kuua bakteria zianze ndani ya saa za mwanzo, na chanjo ya pepopunda isisahaulike. Mafuta, majivu, majani na kuvutwa na mtu wa mtaani aliyesifiwa kuunga mifupa, vyote vinaongeza hatari. Na hata baada ya kutoka hospitalini: maumivu yanayozidi badala ya kupungua, homa, malengelenge, ngozi kuwa ya zambarau au nyeusi, usingoje siku ya kliniki. Rudi usiku huohuo.

Smith alifungwa vyuma vya nje, zile pete zinazozunguka mguu na pini zinazopita kwenye mfupa, zikatolewa majira ya joto ya 2019. Wagonjwa wangu wakiviona kwa mara ya kwanza huuliza kama watalala navyo. Ndiyo, utalala navyo, utaoga navyo, na kila siku utasafisha pale pini inapoingilia ngozi, kwa sababu kila pini ni mlango.

Mishipa ya fahamu iliyoharibika iliacha tatizo jingine. Alishindwa kuinua wayo. Ninapompima mgonjwa wa aina hii humkalisha ukingoni mwa kitanda, miguu ikining'inia, namwambia, “Vuta vidole vyako vikutazame usoni.” Mguu mzima unatii. Ule ulioumia unatulia kimya, na mgonjwa anautazama kama mali ya mtu mwingine. Akitembea, kisigino hakitangulii. Wayo unaangukia sakafu, pa, pa, pa, kwa hiyo analazimika kupandisha goti juu kama anayepita majini. Wengi hulia siku hiyo, zaidi ya walivyolia siku ya ajali.

Kwa kibali maalumu alikwenda kituo cha Center for the Intrepid huko San Antonio, Texas, kilichojengwa kwa ajili ya wanajeshi waliorudi kutoka Iraki na Afghanistani wakiwa wamepoteza viungo au wamevibakiza kwa taabu. Pale alikutana na watu wenye miguu kama wake wakikimbia, akajifunza kutumia kifaa cha kaboni kinachoushikilia wayo na kuurudisha juu kila hatua. Pale pia walimpa mpira mkononi. Kwetu kazi ni hiyohiyo, kwa vifaa vichache: mpira wa kuvuta, ngazi, kioo, na mgonjwa mwenzako aliyekutangulia miezi mitatu.

Tarehe 11 Oktoba 2020, siku 693 baada ya kuvunjika, aliingia uwanjani katika mvua dhidi ya Los Angeles Rams. Aaron Donald, mmoja wa wakabaji wa kutisha kuliko wote, alimdandia mgongoni. Smith akaanguka, akanyanyuka. Nilirudia kipande kile mara nyingi nikitazama mguu wa kulia tu: jinsi alivyoukanyaga alipoinuka, na alivyouamini.

Mwaka ule alianza michezo sita akashinda mitano, Washington ikaongoza kundi lake, naye akapewa tuzo ya mchezaji aliyerejea kwa kishindo. Msuli wa nyuma ya muundi ukamzuia kucheza mtoano. Machi 2021 klabu ikamwachilia, na mwezi uliofuata akatangaza kustaafu.

Kila mgonjwa mpya namuuliza swali moja kabla sijagusa mguu wake: unataka huu ukufanyie nini? Wengine hutaja kazi, wengine mpira, mama mmoja aliniambia anataka kusimama muda wa kusonga ugali wa watu saba. Smith, alipokuwa akiaga, alisema bado angeweza kucheza, ila kwanza angependa kutembea matembezi na mkewe, na kucheza na wanawe uani.