Ulipangiwa, Lakini Ulifanya Nini? Kuandika Utumishi wa Jeshi Kwenye Maombi ya Kazi za Kiraia

Miongoni mwa watu niliowahudumia mwaka huu katika dawati letu la ushauri wa ajira ni mzee mmoja aliyestaafu jeshini akiwa na cheo cha sajinitaji. Alikuja na bahasha ya kaki, ndani yake barua ya kuomba kazi ya mtunza ghala katika kampuni ya vinywaji. Barua ilikuwa safi, mistari imenyooka, mwandiko wa mtu aliyeshinda miaka mingi akijaza leja. Aya yake kuu ilisema hivi: "Niliandikishwa jeshini mwaka 1996. Nilipelekwa mafunzoni na baadaye nilipangiwa kikosi. Mwaka 2004 nilihamishiwa kikosi kingine, nikapandishwa cheo na kukabidhiwa bohari. Mwaka 2009 niliteuliwa kwenda Darfur. Nilistaafishwa mwaka 2019."

Nilimwomba anihesabie vitenzi vyake. Vilikuwa vinane, na vyote vya kutendwa. Ukiisoma barua ile bila kumjua mwenyewe, unaona mtu aliyebebwa na wengine kwa miaka 23, kutoka huku hadi kule, mpaka akateremshwa kituo cha mwisho. Hakuna mahali anaponyanyua kitu kwa mikono yake.

Nikamuuliza, "Mzee wangu, hiyo bohari ilikuwa na nini ndani?" Akaanza kusema, na hakunyamaza kwa karibu nusu saa. Unga, maharage, mafuta ya kula, mahema, sare, viatu, vipuri. Jinsi ya kupanga magunia ili upepo upite chini, la sivyo unyevu unakula safu ya chini kabla hujajua. Jinsi alivyokuwa akitoa kwanza kilichotangulia kuingia. Jinsi alivyohesabu kila kitu mwisho wa mwezi na kulinganisha na leja, na usiku aliolala ofisini kwa sababu ya katoni mbili zisizoonekana, mpaka alipogundua kuwa zimeandikwa ukurasa usio wake. Kampuni ile ya vinywaji ilikuwa inamtafuta mtu huyuhuyu, na barua yake ilikuwa imemficha.

Sababu ya uandishi huu naielewa na naiheshimu. Jeshini mtu hajipangii. Amri inatoka juu, unaitekeleza, na sifa ikija inakuwa ya kikosi. Askari anayesema "mimi nilifanya" anaonekana mwenye majivuno. Baada ya miaka 20 ya maisha hayo, ulimi wenyewe unasema "tuli-" na "nilipangiwa" bila kuulizwa. Lakini afisa utumishi anayesoma maombi mia tatu kwa siku mbili hatafuti aliyekupanga. Anatafuta ulichokifanya baada ya kupangwa. Kwa hiyo kazi ya kwanza ninayompa kila mstaafu ni hii: chukua barua yako, pigia mstari kila kitenzi cha kutendwa, na mbele yake jibu swali moja. Ulipangiwa, halafu ukafanya nini?

Barua ya yule mzee tuliiandika upya, maneno yakiwa yake mwenyewe: "Kwa miaka 15, kuanzia 2004 hadi 2019, nilisimamia bohari ya chakula, sare na vifaa vya kambi. Nilipokea mzigo, nikaukagua kwa hati, nikauingiza kwenye leja na kuutoa kwa idhini iliyosainiwa. Nilihesabu mali yote kila mwisho wa mwezi na kuandaa taarifa kwa ajili ya wakaguzi. Nilisimamia wasaidizi wanne na kuwafundisha kutunza leja. Mwaka 2009, nikiwa katika ujumbe wa pamoja wa Umoja wa Afrika na Umoja wa Mataifa huko Darfur, Sudan, nilisimamia ugawaji wa maji na chakula mahali ambapo msafara ukichelewa hakuna duka la kukimbilia."

Angalia pia tulivyoviacha. Hatukuandika idadi ya askari waliokula chakula kile, wala mahali bohari ilipo, wala chochote kinachohusu silaha. Kustaafu hakumwondolei mtu wajibu wa kutunza siri. Sheria ya Usalama wa Taifa ya Tanzania ya mwaka 1970 ipo, na haisemi kwamba mstaafu anayetafuta kazi yuko huru. Kipimo ninachowapa watu ni chepesi: jambo likieleza uwezo wako, liandike, likieleza uwezo wa kikosi, liache. Ukiwa na shaka, liache. Na picha ya pasipoti ya maombi upige ukiwa na nguo za kiraia, hata kama ile ya kombati ndiyo unayoipenda zaidi.

Sasa vyeo. Raia wengi hawajui kwamba kati ya Koplo Usu na Luteni Usu kuna pengo kubwa, kwamba wa kwanza anaongoza askari wachache na wa pili ni afisa. Wanaona neno "Usu" pande zote mbili wanadhani ni ndugu. Huna sababu ya kukasirika, kwa sababu hata wewe hujui tofauti ya Afisa Ugavi Daraja la II na Afisa Ugavi Mwandamizi mpaka ueleweshwe. Taja cheo chako mara moja, kwa heshima yake, kisha kieleze kwa watu na majukumu. Kwa majeshi mengi seksheni ni watu kama kumi, platuni ni kama 30, na kombania huzidi mia. Luteni wa miaka 25 anayeongoza platuni anabeba nidhamu ya watu 30, likizo zao, magonjwa yao, chakula chao, na usalama wao njiani. Katika ofisi nyingi za kiraia mtu anangoja miaka kumi kabla ya kukabidhiwa watu 30. Basi andika, "Niliongoza na kuwasimamia watu 30," na ueleze katika kazi gani. Ila usijiite Meneja Mkuu. Nimeona wasifu ambao mkuu wa platuni amejiandika "Mkurugenzi wa Operesheni", na kwenye usaili swali la kwanza lilimwangusha.

Madereva ndio wengi kuliko wote wanaotufikia, na ndio wanaopoteza nafasi kirahisi zaidi. Matangazo ya nafasi za Dereva Daraja la II serikalini kwa kawaida hutaka cheti cha Kidato cha Nne, leseni ya daraja E au C ambayo mwombaji ameifanyia kazi kwa muda usiopungua mwaka mmoja bila kusababisha ajali, na cheti cha mafunzo ya udereva kutoka VETA (Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi) au chuo kingine kinachotambuliwa na Serikali. Soma tena maneno yale: bila kusababisha ajali. Dereva wa jeshi aliyeendesha lori la tani kumi kwa miaka 12, msafarani, usiku, kwenye barabara za vumbi, anaandika "dereva jeshini" na kuishia hapo! Andika aina ya magari, uzito, miaka, na kwamba hukusababisha ajali, kama ni kweli. Kabla ya yote angalia leseni yako: je, daraja ni lile linalotajwa na tangazo, na muda wake haujapita? Nimewaona waliokwamishwa na leseni iliyokwisha muda miezi miwili kabla ya siku ya mwisho ya maombi.

Kwa mafundi kuna mlango ambao wengi hawaujui. Fundi magari, mwashi, seremala au mpishi aliyejifunzia kazi kambini bila cheti cha kiraia anaweza kwenda VETA kuulizia urasimishaji wa ujuzi. Ni utaratibu wa kumpima mtu kwa anachokijua tayari, anajaziwa mapengo yaliyopo na kupewa cheti, bila kumrudisha darasani kuanza moja. Wauguzi, madaktari na wahandisi wahakikishe usajili wao kwenye mabaraza na bodi zao uko hai, kwa maana mwajiri wa kiraia atauliza hilo kabla ya kuuliza ulihudumu hospitali gani.

Vijana wa JKT wana shida ya namna nyingine. Matangazo ya kuwaita vijana kujitolea husema waziwazi kila mara kwamba Jeshi la Kujenga Taifa halitoi ajira wala halimtafutii kijana ajira, bali humpa mafunzo ya kumwezesha kujitegemea amalizapo mkataba. Hata hivyo wengi hutoka baada ya miaka miwili wakiwa na cheti mkononi na sentensi moja tu kichwani: "Mimi ni mkakamavu, mzalendo na mwadilifu." Ninaisoma sentensi hiyo kwenye barua nyingi mno, na naomba tuiache, kwa sababu kila mtu anaweza kuiandika na haimthibitishii msomaji chochote.

Binti mmoja aliyekuwa JKT Chita, mkoani Morogoro, aliandika kwamba "alishiriki fatiki za shambani", yaani kazi za mikono wanazopangiwa vijana kambini. Nilipomdadisi, kumbe fatiki hizo zilikuwa misimu miwili ya mpunga: kuandaa kitalu, kupandikiza kwa kamba, kufungua na kufunga maji, kupalilia, kuvuna, kuanika, na kuandika idadi ya magunia yaliyoingia ghalani. Kampuni ya kilimo inayosoma "fatiki" inaona adhabu au usafi wa mazingira, wakati ikisoma "misimu miwili ya kilimo cha mpunga cha umwagiliaji" inaona mfanyakazi. Na andika muda wako sawasawa. Waajiri wengi huchanganya vijana wa mujibu wa sheria, wanaokaa miezi michache baada ya Kidato cha Sita, na wale wa kujitolea wa miaka miwili. Utaratibu wa mujibu wa sheria ulisitishwa mwaka 1994 na kurudi mwaka 2013, hivyo hata afisa utumishi mwenyewe anaweza kuwa hajawahi kuupitia.

Waliokwenda kulinda amani wana hazina ambayo wao wenyewe huidharau. Mwaka 2013 Tanzania, Afrika Kusini na Malawi zilipeleka askari kwenye brigedi maalumu ya Umoja wa Mataifa mashariki mwa Kongo, na Watanzania walikuwa na kitu ambacho wenzao wengi hawakuwa nacho. Walizungumza na wenyeji kwa Kiswahili, bila mkalimani. Askari aliyekaa chini na machifu, akina mama wa sokoni na vijana wa kijijini kusikiliza malalamiko yao na kuyafikisha kwa wakubwa amefanya kazi ambayo mashirika ya misaada hutangaza nafasi zake kila mwezi kwa jina la ushirikishwaji jamii. Usiandike "nilishiriki operesheni" ukanyamaza.

Kwenye usaili, ule mkao wa wima, mikono mapajani, macho ukutani, na jibu la "Ndiyo, afande" humfanya msaili adhani una hasira naye. Keti, mtazame, na ukiulizwa swali toa kisa kizima: tatizo lilikuwa nini, wewe ulifanya nini, ikawaje. Jifunze kusema "nili-" bila haya. Ukisema "tulivuka mto ule salama", msaili hajui kama wewe ndiye uliyepima kina cha maji au ulikuwa umelala nyuma ya lori. Ukitaka kuwatendea haki wenzako, sema, "Tulikuwa watu wanane, kazi yangu mimi ilikuwa kupima kina." Hapo hujamnyang'anya mtu sifa.

Kwa wadhamini, usiweke jina la mkuu aliyeko kikosini ambaye simu yake haitapokelewa na mgeni. Tafuta aliyestaafu anayekujua vizuri, mwombe ruhusa, na umsomee barua yako ili akipigiwa aongee kitu kimoja na wewe.

Ukishamaliza kuandika, mpelekee mtu ambaye hajawahi kuvaa buti. Yule mzee wangu alimsomea mama anayeuza genge jirani yake. Mama yule alimsimamisha mara tatu: kwenye "hati", akauliza hati ya nini, kwenye "kambi", akauliza watu wanaishi humo au ni ghala tupu, na kwenye "leja", ambayo kumbe mama aliijua vizuri kuliko sisi, kwa maana anayo ya wadeni wake. Maneno mawili ya kwanza tuliyafafanua siku ileile, na barua ikaenda.