Filamu Iliyovuna Pesa Nyingi Zaidi Si Lazima Iwe Ndiyo Iliyotazamwa Zaidi

Utasikia watu wakisema: "Avatar ndiyo filamu iliyotazamwa na watu wengi zaidi, maana hakuna iliyoipita kwa mapato." Sehemu ya mwisho ni kweli. Filamu hiyo ya mwaka 2009 imevuna zaidi ya dola bilioni 2.9 katika majumba ya sinema duniani. Lakini zinazohesabiwa hapo ni dola, si watu. Gone with the Wind ilipotoka Desemba 1939, tiketi nchini Marekani iliuzwa kwa wastani wa chini ya senti 30. Kufikia 2019 wastani huo ulishavuka dola 9. Ukihesabu tiketi, Gone with the Wind inakadiriwa kuuza milioni 200 hivi Marekani na Kanada peke yake, zikiwemo za miaka iliporudishwa sinema. Avengers: Endgame ya 2019 haikufikisha milioni 100 huko huko. Tuitendee haki Endgame: watazamaji wa 1939 hawakuwa na televisheni nyumbani, na aliyetaka kuiona tena filamu hakuwa na njia ila kurudi dirishani kukata tiketi.

Mimi naona Wafaransa wamepatia. Wao hutangaza idadi ya watazamaji. Titanic ilitazamwa na zaidi ya watu milioni 20 nchini mwao, na mfumuko wa bei hauwezi kuigusa namba hiyo.

"Pesa zote za tiketi ni za studio, yaani kampuni iliyotengeneza filamu." Hapana. Jumba la sinema hubaki na karibu nusu, na China studio ya kigeni huambulia kama robo tu. Isitoshe, bajeti inayotangazwa kwa kawaida haijumlishi gharama za matangazo. Filamu iliyotengenezwa kwa dola milioni 200 ikaingiza milioni 300 huenda bado inadaiwa.

"Filamu ikidumu sinema miaka mingi, ndiyo iliyovuna zaidi." Filamu ya Kihindi Dilwale Dulhania Le Jayenge ilianza kuoneshwa katika jumba la sinema la Maratha Mandir, Mumbai, Oktoba 1995, na Desemba 2014 ikatimiza wiki 1,000. Ni jambo la kustaajabisha, na linastahili heshima yote. Ila kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo lilikuwa onesho moja tu kwa siku, kwa tiketi za bei nafuu. Mapato makubwa ya filamu yalikuwa yamekwisha kuingia zamani. Wiki hizo zinapima mapenzi ya watazamaji, kipimo ambacho jedwali la mapato halina.

Na wapo wanaosema wikendi ya kwanza huamua kila kitu. Titanic ilianza na dola milioni 28 hivi Marekani, kisha ikashika namba moja kwa wiki 15 mfululizo. Filamu ya Kihindi Sholay nayo, ilipotoka tarehe 15 Agosti 1975, wahakiki wengi waliipokea kwa ubaridi na wafanyabiashara wa filamu wakaanza kuitabiria hasara. Waliokwisha kuiona wakawasimulia wenzao, kumbi zikajaa, na katika ukumbi wa Minerva mjini Bombay (Mumbai ya leo) ikaoneshwa kwa zaidi ya miaka mitano.