Mtoto wa A na B anaweza kuwa O, acheni kumkana

Juzi binti mmoja alisimama pembeni ya dirisha la maabara yetu la kupokelea sampuli mpaka foleni ikaisha, ndipo akasogea. "Shikamoo dokta." Nikamwitikia. Kachaguliwa kwenda kidato cha tano, na fomu ya shule inataka kundi la damu. Akafungua daftari la biolojia akatoa karatasi tatu: kadi ya baba ya kuchangia damu, A chanya, kadi ya mama ya kliniki, B chanya, na majibu yake mwenyewe, O chanya. Shangazi alikwisha kuziona. Hukumu yake ilikuwa fupi: huyu hana damu ya baba wala ya mama, kaka yangu kabambikiwa mtoto. Tangu siku hiyo binti hasemi na mama yake, na ilikuwa wiki ya tatu.

Hili nimelisikia kupita kiasi. Nimeona ndoa zikivunjika na watoto wakipelekwa kwa bibi kwa sababu ya herufi moja kwenye kadi, na nimechoka.

Kadi inaonesha kinachoonekana tu. Mtu hubeba jeni mbili za ABO, yaani za kundi la damu, moja ya mama na moja ya baba. Anayesomeka A anaweza kuwa AA au AO, na anayesomeka B anaweza kuwa BB au BO. O ikikaa na mwenzake haionekani, lakini ipo, na inarithishwa. Baba wa AO na mama wa BO wanaweza kupata mtoto wa A, B, AB au O, na kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa O. Kwa hiyo O ya yule binti haikutoka hewani. Kama ni wazazi wake, nusu kaipata kwa mama, na nusu kwa baba ambaye ameibeba maisha yake yote bila kuiona. Rhesus, ile chanya au hasi ya kwenye kadi, ni hivyo hivyo: wazazi wawili chanya wanaweza kuzaa mtoto hasi.

Kinachonikera zaidi ni upande wa pili. Baba anakuja na tabasamu: "Dokta, mimi O, mtoto O, sasa nimeamini." Umeamini nini? O ndilo kundi lenye watu wengi kuliko yote hapa kwetu. Jirani yako ni O, dereva wa bodaboda aliyekuleta huenda ni O. Kufanana kwa kundi hakuthibitishi ubaba hata kidogo, na anayemkumbatia mtoto leo kwa sababu hiyo ndiye atakayemkana kesho akisikia habari nyingine ya mtaani.

Kazi pekee ambayo ABO inaweza kufanya ni kukataa. Mfano uko kwenye kesi ya ubaba ya mwigizaji Charlie Chaplin, Marekani, miaka ya 1940. Mama alikuwa A, mtoto B, Chaplin O. Mtoto lazima aipate B mahali, mama hana, Chaplin hana. Vipimo vilimwondoa kabisa, na hata hivyo mwaka 1945 baraza la wazee wa mahakama lilimtangaza kuwa ndiye baba.

Sasa niseme lile linalonipa shida. Wazazi wote wawili ni O na mtoto ni A. Kitabu cha shule kinasema haiwezekani, mwalimu anaendelea na mada, na darasani kuna mtoto amenyamaza ghafla. Mimi kwanza ninawaita wote watatu nipime upya, kwa sababu kadi zinakosewa. Chupa zinabadilishwa majina. Antisera, dawa ya kupimia kundi, ikikaa nje ya friji inachoka. A dhaifu isiposhikana vizuri kwenye kigae, mtu anaandikiwa O. Kadi ya siku ya kuzaliwa siiamini sana, maana chembe za mtoto mchanga bado hazioneshi A na B kwa nguvu zake zote. Kisha kuna watu wa aina ya Bombay, walioelezwa mwaka 1952: wanasomeka O huku wamebeba A au B, na wanairithisha. Ni wachache mno.

Lakini kuna siku ninarudia kila kitu na majibu yanabaki yale yale. Ninajua yanaelekea wapi, na mbele yangu kuna mtoto wa miaka kumi na saba aliyekuja na nauli ya daladala tu. Ninaposema "turudie tena mwezi ujao," sina hakika kama ninamsaidia au ninamwogopa. Wazee walisema kitanda hakizai haramu, wakamlinda mtoto. Ila mtoto mwenyewe anataka kujua, na ni haki yake: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa haki ya kuwajua wazazi wake wa damu, na anaweza kuiomba mahakama itamke nani mzazi wake. Mahakama ikiagiza DNA, kipimo kinafanywa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Huwa ninawaelekeza waanzie kwa afisa ustawi wa jamii, ili asiyabebe majibu peke yake.

Yule binti hakuhitaji kufika huko. Nilimchorea visanduku vinne, A, B, AB na O, nyuma ya daftari. Akavitazama, akauliza, "Kwa hiyo ni baba yangu kweli?"

"Damu haimkatai, mwanangu. Zaidi ya hapo kadi hizi hazisemi."

Akaniomba niandike jina langu na nigonge muhuri chini ya mchoro, kwa ajili ya shangazi. Muhuri wa maabara hauruhusiwi kwenye daftari la shule. Niliandika jina na namba ya simu, nikamwambia shangazi anipigie.

Hajapiga bado.