Je, wajua kwa nini kuna mchanganyiko unaobadili rangi kisha kuirudia?

Tia kwenye bika asidi ya salfuriki iliyozimuliwa, bromati, asidi ya maloniki, bromidi kidogo na matone ya ferroini (kemikali yenye chuma inayobadili rangi), uache ukorogeke. Kimiminika kinakaa chekundu mpaka unachoka kusubiri, mara kinageuka buluu kwa mkupuo mmoja. Wekundu unarudi taratibu. Kisha buluu tena. Hakuna aliyeongeza kitu.

Mrusi Boris Belousov aliona kisa cha namna hii mwaka 1951, kwa kutumia asidi ya sitriki na seriamu. Jarida alilolipelekea makala lilimjibu kwamba jambo hilo haliwezekani. Miaka ya 1960 Anatol Zhabotinsky aliuendeleza utafiti huo, ndiyo maana mmenyuko huu, yaani badiliko hili la kikemikali, unabeba majina yao wawili.

Mimi nilikosea kinyume cha mhariri yule. Nilipoona video ya mmenyuko huu niliamini mara moja, nikawa nawaeleza watu kwamba ni kama pendulamu: kemikali zinageuka kuwa mazao, zinapitiliza msawazo (hali ambapo mmenyuko umetulia), kisha mazao yanarudi kuwa kemikali za mwanzo. Kumbe kosa letu lilikuwa moja. Yeye aliona pendulamu, akasema ni uongo. Mimi niliona pendulamu, nikasema ni kweli. Na kuhusu pendulamu yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Pendulamu hupitiliza katikati kwa sababu ina mwendo unaoisukuma mbele. Mmenyuko hauna msukumo wa aina hiyo. Ukifika kwenye msawazo, umefika.

Fikiria sufuria ya maharage jikoni. Mvuke unajaa, kifuniko kinainuka, mvuke unatoka, kifuniko kinashuka, kinainuka tena. Kinachezacheza, lakini mkaa ulio chini unaenda upande mmoja tu, kuwa majivu. Kwenye bika, bromati na asidi ya maloniki ndiyo mkaa: zinapungua bila kurudi nyuma, na zikikaribia kuisha mchezo unakoma. Kinachopanda na kushuka ni vitu vya katikati, vilivyomo kwa kiasi kidogo sana.

Vitu hivyo ni viwili hasa. Wa kwanza ni bromidi, mlinzi wa mlangoni. Wa pili ni asidi ya bromasi, na huyu ni kama umbea: molekuli moja ikikutana na bromati, hatua mbili baadaye zimekuwa mbili; mbili zinakuwa nne. Bromidi ikiwa nyingi, kila mmbea ananyamazishwa kabla hajamwambia mwenzake. Lakini kazi hiyo yenyewe inaimaliza bromidi. Ikishuka chini ya kiwango fulani, umbea unalipuka mtaa mzima kwa mara moja, ferroini inanyang'anywa elektroni, na hiyo ndiyo buluu ya ghafla. Ferroini iliyogeuka nayo inaishambulia asidi ya maloniki iliyokwisha kubeba bromini, inazaa bromidi mpya na kurudia wekundu wake. Mlinzi amerudi mlangoni, kwa kuchelewa. Bila kuchelewa huko kila kitu kingetulia katikati.

Maelezo haya ni mukhtasari wa kazi ya wanakemia Field, Körös na Noyes ya mwaka 1972. Upande wa bromati umesimama imara. Upande wa asidi ya maloniki una matawi mengi, na habari ya mlinzi kurudi nimeirahisisha kuliko inavyostahili.

Usipokoroga, ukamimina tabaka jembamba kwenye kisahani, rangi haigeuki kwa pamoja. Buluu inaanza kama nukta, inatanuka kuwa pete, na nyingine inazaliwa ndani yake. Tupa vijiwe viwili kwenye beseni la maji na mawimbi yatapishana, kila moja liende zake. Pete hizi zikigongana zinafutika palepale, kwa sababu nyuma ya kila moja kimiminika bado kimejaa bromidi.