Intaneti Haina Horohoro

Katika mafunzo tunayotoa kwa watendaji wa kata na maofisa wa halmashauri hapa Tanga, swali moja halikosi: kwa nini serikali isiweke geti moja tu, ikakague kinachoingia kwenye intaneti na kinachotoka? Anayeuliza huwa hana nia mbaya. Ameona picha za utupu zikizagaa kwenye makundi ya WhatsApp, amesikia jirani yake katapeliwa fedha za kikundi. Na kwa mtu wa mkoa huu swali lina mantiki yake. Lori likitokea Lungalunga, upande wa Kenya, lazima lisimame mpakani Horohoro, karatasi zikaguliwe, ushuru ulipwe, ndipo lipite. Wa njia za panya wapo, lakini hata hao wanajulikana wanapitia wapi.

Serikali nyingi duniani, yetu ikiwemo, zimetunga sheria za mitandao zikiwa na picha hiyo kichwani. Hapo ndipo zinapopotea njia.

Tuanze na lililo kweli. Geti la kuzima lipo. Sehemu kubwa ya intaneti ya Tanzania huingia kwa nyaya za baharini zinazotua Dar es Salaam: SEACOM tangu 2009, EASSy tangu 2010. Mei 12, 2024, nyaya hizo mbili zilipokatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, kila mwenye simu alijua. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa, na kila mwenye simu alijua vilevile. Kuzima kunawezekana. Kisichowezekana ni kuchambua: hiki kipite, kile kibaki.

Sababu yake ni usimbaji. Ukifungua ukurasa leo, simu yako na seva, yaani kompyuta inayotunza ukurasa huo ng'ambo, hukubaliana namna ya kuvuruga maneno ili yeyote aliye katikati asiyasome. Kampuni ya simu inaona kwamba unazungumza na mtandao fulani, na kwamba umetumia data kiasi fulani. Haioni unasoma akaunti ya nani, wala video ipi. Basi anayetaka kuondoa ukurasa mmoja, na mwenye mtandao hataki kuuondoa, hubaki na hatua moja tu: kuufunga mtandao mzima. Ndiyo maana Mei 2025 malalamiko kuhusu maudhui machafu ndani ya mtandao wa X (zamani Twitter) yaliishia kwa X yote kufungwa nchini, pamoja na wakulima wanaoulizia bei, wanafunzi, na hata ofisi za umma zilizokuwa na akaunti humo.

Pakistan ilitoa somo kubwa zaidi Februari 24, 2008. Serikali iliagiza YouTube ifungwe. Ili uelewe kilichofuata, jua kwamba intaneti ni maelfu ya mitandao inayoaminiana. Kila mmoja huwatangazia majirani zake: anwani hizi zinafikika kupitia kwangu. Majirani huamini, nao hutangaza mbele. Mafundi wa kampuni ya simu ya Pakistan walitangaza kwamba anwani za YouTube ziko kwao, wakikusudia maombi ya wananchi wao yaelekezwe shimoni. Tangazo likavuka mpaka kupitia kampuni ya Hong Kong, mitandao mingine ikaliamini, na kwa takriban saa mbili watu wa mabara mengine wakakosa YouTube kwa amri ya Islamabad. Hakuna aliyekusudia. Waliotoa amri hawakujua tu kwamba mabomba yao yameungana na ya wenzao.

Urusi mwaka 2018 iliamua kuifunga Telegram, programu ya kutumiana ujumbe. Kampuni ikawa inahamahama kwenye seva za Amazon na Google, mamlaka zikafunga mamilioni ya anwani kuifukuzia, huduma zisizohusika zikakwama, na Telegram ikaendelea kufanya kazi. Juni 2020 amri ikaondolewa. Uganda nayo, Julai 2018, ilianza kutoza shilingi 200 za Uganda kwa siku kwa anayetumia mitandao ya kijamii. Watu wakakimbilia VPN, programu za kukwepa vizuizi vya aina hiyo, na 2021 kodi hiyo ikafutwa, ikaja nyingine ya asilimia 12 juu ya vifurushi.

Na kwa kuwa nimeitaja VPN, niseme neno. Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilitaka watumiaji wa VPN wajisajili kabla ya mwisho wa mwezi huo. VPN ni njia iliyosimbwa kati ya kifaa chako na seva nyingine. Tawi la benki linaitumia kuongea na makao makuu. Mhasibu anayefanyia kazi nyumbani anaitumia kufungua mfumo wa ofisi. Kuna hatari, lakini si ile inayotajwa kwenye matangazo. Kijana anayetafuta namna ya kufungua X hupakua VPN ya bure ya kwanza anayoiona, na kuanzia hapo mawasiliano ya simu yake yote yanapita kwenye seva za kampuni asiyoijua, katika nchi asiyoijua, na kampuni hiyo lazima ipate hela mahali fulani. Amri iliyotolewa kwa jina la usalama imewapeleka watu kwa dalali wa taarifa. Hili ningependa walitafakari wanaoandika kanuni.

Ufunguo wa serikali peke yake

Dhana ya pili ni ngumu kuing'oa kwa sababu inasikika kama busara. Maofisa wa usalama husema: basi simbeni, lakini mtuachie ufunguo mmoja wa akiba kwa ajili ya wahalifu. Waziri Mkuu wa Australia, Malcolm Turnbull, alipoambiwa mwaka 2017 kwamba hisabati hairuhusu hilo, alijibu kwamba sheria za hisabati ni za kusifika sana, ila inayotumika Australia ni sheria ya Australia. Watu walicheka. Mwaka uliofuata sheria ikapitishwa.

Ufunguo wa akiba haujui ni nani aliyeushika. Ugiriki, kati ya 2004 na 2005, mitambo ya kampuni moja kubwa ya simu ilikuwa na programu ya kusikiliza simu kwa amri ya mahakama. Watu wasiojulikana waliingia na kuitumia hiyohiyo kusikiliza zaidi ya simu 100, mojawapo ikiwa ya Waziri Mkuu Kostas Karamanlis. Marekani iliwalazimisha watoa huduma tangu 1994 kuacha nafasi ya kusikiliza kisheria. Mwaka 2024 ikagundulika kwamba wadukuzi waliohusishwa na China wameingia kwenye kampuni zake za simu na kuifikia mifumo hiyo ya kusikiliza. Desemba mwaka huo maofisa wa Marekani waliwashauri raia watumie programu za ujumbe zilizosimbwa. Shirika lao la upelelezi, FBI, lilikuwa limelalamikia usimbaji huohuo kwa miaka mingi.

Kuhusu mitandao ya kijamii yenyewe nitapita haraka, maana hapo wengi wanajua kinachouma. Kanuni zetu za maudhui za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu alipie leseni shilingi milioni moja, na zikaitaka kafe ya intaneti ifunge kamera na kutunza picha kwa miezi 12, wakati kafe zenyewe zinafunga milango kwa sababu kila mteja ana simu mfukoni. Msemaji alibanwa. Mashine inayoamua chapisho lipi lionekane na watu 10 na lipi lionekane na watu milioni haikuguswa. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2022 kuhusu huduma za kidijitali inayalazimisha majukwaa makubwa kueleza yana wakaguzi wangapi wa maudhui kwa kila lugha rasmi ya Umoja huo. Kiswahili kina mamilioni ya wasemaji katika nchi kadhaa. Serikali za Afrika Mashariki zikikaa pamoja na kuuliza swali hilohilo kuhusu Kiswahili, zitakuwa zimefanya kazi zaidi ya leseni zote za blogu.

Kabati lililo wazi

Sasa tuje nyumbani, kwenye jambo ambalo hasa ndilo lililonifanya niandike. Serikali inapozungumzia usalama wa mtandao, macho yake huwa kwa raia: anasema nini, anasoma nini. Taarifa zinazovuja na kuwaumiza watu nyingi hutoka kwingine, kwenye makabati ya wale waliozikusanya.

Fuatilia nakala ya kitambulisho chako cha taifa. Umeitoa kopi steshenari ya Ngamiani; mashine imeiskani, na faili limebaki kwenye kompyuta ya duka, kwenye folda moja na vyeti vya watu wengine. Umemtumia mtu wa mikopo kwa WhatsApp. Umeiacha kwa wakala wa laini. Umeiambatisha kwenye fomu ya mtaa, mtendaji akaipiga picha kwa simu yake na kuituma kwenye kundi la kazi, nayo ikashuka kwenye simu za wote waliomo. Namba ya kitambulisho hicho ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa. Aliyenayo, pamoja na jina lako na namba ya simu, ana vya kutosha kukupigia na kujifanya mtoa huduma. Getini kwa ofisi nyingi bado kuna daftari la wageni ambamo unaandika jina, simu na sahihi, na anayekuja nyuma yako anasoma yote akisubiri kalamu. Halafu tunashangaa aliyetuma ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii" alitupata wapi.

Alama za vidole ni zaidi. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 1, 2019, na mwisho wa kuwasubiri wasiosajili ukasogezwa hadi Januari 20, 2020. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa 2022 na kuanza kutumika Mei 1, 2023. Yaani tulikusanya vidole kwanza, sheria ya kuvilinda ikafuata baada ya miaka minne. Nenosiri likiibwa unalibadilisha. Kidole hukibadilishi.

Namna serikali inavyopokea habari ya kuvuja ndiyo kipimo cha kama imeelewa. Januari 2018 gazeti la The Tribune la India liliripoti kwamba mwandishi wake alinunua kwa rupia 500 njia ya kufikia taarifa za Aadhaar, mfumo wa utambulisho wa taifa hilo, wenye watu zaidi ya bilioni moja. Mamlaka ya mfumo huo ilifungua jalada polisi, na jina la mwandishi likawemo. Estonia, mwaka 2017, watafiti waliiambia kwamba chipu za vitambulisho takriban 760,000 zina udhaifu. Serikali ikawatangazia wananchi kabla wezi hawajafika, na Novemba ikasitisha vyeti vya kidijitali vya kadi hizo mpaka zisasishwe. Raia wa huko anaweza pia kuingia kwenye mfumo na kuona ni ofisi gani imefungua taarifa zake.

Sheria yetu ya 2022, niseme wazi, ni nzuri kuliko wengi wanavyodhani. Inamtaka anayekusanya taarifa akueleze anazitakia nini, asizitumie kwa jambo jingine, asikae nazo kupita haja, na ajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyozinduliwa Aprili 2024. Inakupa haki ya kuomba kuziona, kuzirekebisha na kuzifuta, na ya kupeleka malalamiko kwa Tume hiyo. Ofisi za serikali nazo zimo. Mtendaji ukimuuliza kwa adabu, "Samahani mheshimiwa, hii kopi itakaa wapi, na itakaa mpaka lini?", hujamkosea heshima, umetumia haki yako. Kopi yenyewe iandike juu kwa kalamu imetolewa kwa kazi gani na tarehe gani. Piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, na usiyoitambua kaikane kwa mtoa huduma. Ujumbe wa matapeli upeleke 15040, pamoja na namba iliyoutuma.

Kwa wenzangu wa halmashauri nina ombi la haraka. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulifanyika Novemba 27, 2024, na wenyeviti kadhaa wa mitaa na vijiji wakatoka madarakani. Walikabidhi mihuri na madaftari. Orodha za kaya, picha za vitambulisho na namba za simu walizokusanya kwa miaka mitano zilikuwa kwenye simu zao binafsi, na makabidhiano ya kawaida hayagusi simu. Watendaji wawaite, taarifa zinazohitajika zihamishiwe kompyuta ya ofisi, zilizobaki zifutwe hapohapo, pamoja na zile zilizojihifadhi kwenye nakala rudufu ya WhatsApp na Google. Kisha wasaini, kama walivyosaini kwa muhuri.