ERP ni nini hasa, na kwa nini makampuni yanaing'ang'ania

Watu wengi wakisikia ERP (Enterprise Resource Planning, yaani mfumo mmoja wa kompyuta wa kuendesha shughuli zote za kampuni) wanadhani ni softwea ya uhasibu iliyopewa jina kubwa. Uhasibu umo ndani ndio, ila shida yenyewe ambayo mfumo huu unatatua ni kwamba kampuni ikishakua kidogo kila idara inakuwa na mahesabu yake, stoo wana kitabu chao, mauzo wana faili lao la Excel, mhasibu naye ana la kwake, halafu siku bosi akiuliza tumebakiwa na katoni ngapi anapewa majibu matatu na kila mmoja ana karatasi ya kuonyesha.

Kwenye ERP taarifa zote zinakaa kwenye kanzidata moja, kitu kinaingizwa mara moja tu na wote wanakiona hichohicho. Chukua oda ya katoni 40. Mtu wa mauzo akiipitisha, mfumo unazitenga hizo 40 palepale ili mwenzake asije akamuuzia mteja mwingine, stoo wanaona kuna mzigo wa kutoa, wakishautoa stoku inapungua, ankara inatoka, deni linakaa kwenye akaunti ya mteja, na kama kilichobaki kimeshuka chini ya kiwango mlichoweka basi watu wa manunuzi wanapata ujumbe waagize. Hakuna aliyekaa kunakili namba kutoka karatasi hii kwenda ile, na makosa mengi huzaliwa hapohapo kwenye kunakili.

Mimi napenda zaidi upande wa manunuzi maana pesa huvujia huko. Saplaya akileta ankara, mfumo unalinganisha vitu vitatu: mliagiza ngapi, stoo walipokea ngapi, yeye anadai ngapi. Mliagiza 100, zimepokelewa 92, anadai 100, basi malipo yanasimama mpaka mtu aeleze. Tena kila aliyegusa rekodi jina lake linabaki na saa aliyogusa, na nahisi baadhi ya wanaolalamika eti mfumo mgumu shida yao ni hii.

Asili yake ni viwandani, miaka ya 1960, programu za kupiga hesabu ya malighafi, yaani ukitaka kutengeneza kitu fulani unahitaji vipande gani na lini. SAP ya Ujerumani, kampuni inayotengeneza mifumo hii, ilianzishwa 1972 na watu watano waliotoka kampuni ya kompyuta ya IBM, ila jina ERP lenyewe lilikuja 1990 kutoka kampuni ya utafiti ya Gartner.

Sasa usidhani ukishanunua ndio yameisha. Lidl, wale wa supamaketi za Ujerumani, waliachana na mradi wao wa SAP mwaka 2018 baada ya miaka kama saba, na ikaripotiwa umekula karibu euro milioni 500! Sababu moja iliyotajwa ni kwamba wao walizoea kuthamini stoku kwa bei ya kununulia wakati mfumo ulitegemea bei ya kuuzia, wakataka mfumo ndio uwafuate wao, na kila ukiuchokonoa hivyo gharama zinapanda.

Halafu kuna kazi ya kusafisha data kabla ya kuhamia, kazi inayochosha kuliko zote na ambayo wauzaji wa mifumo huwa hawaizungumzii sana. Bidhaa moja ikiwa imeandikwa kwa majina manne kwenye mafaili ya zamani, ERP itaihesabu kama bidhaa nne, na itakuagizia zote nne.