Nani kakwambia uache dawa? Korona na magonjwa ya viungo

Alhamisi iliyopita, kliniki ya viungo, mgonjwa wa kumi na moja. Mama wa makamo, muuza dagaa wa mwalo wa Kibirizi hapa Kigoma, ana baridi yabisi ya kinga ya mwili kwa miaka sasa. Miezi minne nyuma alikuwa anajifunga kitenge mwenyewe na kupeta dagaa kwa ungo. Safari hii aliingia ameshikwa mkono na binti yake, vidole vimevimba kama tangawizi, viwiko havinyooki. Nikaomba kuona dawa. Binti akatoa mfuko wa kaki kwenye mkoba: methotrekseti, dawa ya kudhibiti ugonjwa, haijaguswa; foliki, vitamini inayokwenda nayo, haijaguswa; prednisoloni, steroidi ya kutuliza uvimbe, imebaki karibu yote.

"Mama, hizi vipi tena?"

"Daktari, jirani karudi kutoka Dar anakohoa. Watu wakasema ni korona. Nikakumbuka hizi dawa zinashusha kinga, nikaona nisijimalize kwa mkono wangu."

Neno hilo nalisikia tangu Machi 2020, mgonjwa wa kwanza alipotangazwa Arusha. Nimelisikia kwa mwalimu wa Kasulu, kwa mvuvi, kwa mchungaji, na kwa muuguzi mmoja mwenye lupasi (ugonjwa mwingine wa kinga kuugeukia mwili) ambaye ndiye aliyeniudhi kuliko wote, maana yeye anajua. Kwa hiyo naanza na hilo kabla ya mengine ninayoyasikia kliniki, na nitalikalia.

"Dawa zinashusha kinga, korona ikisikika niziache"

Uongo huu una chembe ya kweli, ndiyo maana haufi. Katika baridi yabisi na lupasi, kinga ya mwili inakuwa kama mgambo aliyelewa: badala ya kukamata wezi, anapiga virungu wenye nyumba. Dawa zinamtuliza. Zingine zinamtuliza kidogo, zingine zinamlaza kabisa, na hapo ndipo watu wanapokosea, kwa sababu wanaziweka zote kapu moja.

Kuanzia 2020 madaktari wa viungo wa nchi nyingi walikusanya taarifa za wagonjwa wao waliopata korona. Katika uchambuzi uliotoka 2021 walikuwamo wagonjwa 3,729. Waliokuwa hatarini zaidi kufa ni wazee, wanaume, wenye presha pamoja na ugonjwa wa moyo, na wenye mapafu mabovu. Kwa upande wa dawa, waliokuwa wanatumia prednisoloni zaidi ya miligramu 10 kwa siku walikuwa pabaya, na waliochomwa rituksimabu pia, kwa sababu hiyo inafagia chembe zinazotengeneza askari wa mwili. Sasa sikilizeni hapa. Ambao hawakuwa kwenye dawa yoyote ya kudhibiti ugonjwa walikufa zaidi kuliko waliokuwa kwenye methotrekseti peke yake. Na ambao ugonjwa wao ulikuwa umewaka wakati korona inaingia walikufa zaidi kuliko ambao wao ulikuwa umetulia.

Takwimu za namna hii hazitoi hukumu ya mwisho, hilo nakubali. Lakini zinafanana na ninayoyaona kila wiki. Mtu anaacha methotrekseti. Wiki tatu, nne, haoni kitu, anajisifu. Wiki ya sita mikono inawaka moto, asubuhi hawezi kufungua kifuniko cha chupa ya chai. Anakwenda duka la dawa, anapewa deksa (deksamethasoni, ndugu wa prednisoloni) za kumtosha siku tano, anapata nafuu ya ajabu, anarudi kununua tena. Asipokwenda huko anakuja kwangu, nami sina budi kumpandishia prednisoloni mpaka vidonge vinne, sita kwa siku. Kile kidonge cha miligramu 5 mnachokijua: viwili tu vimeshafika 10. Yaani aliyekimbia dawa isiyo na hatari kubwa ameishia kwenye ile yenye hatari, na korona ikimkuta sasa inamkuta mahali pabaya kuliko pale alipokuwa.

Halafu kuna kuacha prednisoloni ghafla, na hili ni jambo la kufa na kupona hata kama korona isingekuwepo duniani. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo inayotengeneza homoni ya kuusaidia mwili kuhimili shida. Ukinywa prednisoloni kwa wiki kadhaa, tezi zile zinalala: kuna mtu anawafanyia kazi, za nini kuhangaika? Ukikata dawa siku moja, haziamki siku hiyohiyo. Mwili unaishiwa nguvu, unatapika, presha inashuka, unaanguka. Ukipimwa malaria hauna, na aliyekupokea usiku asipouliza dawa ulizokuwa unatumia, atakuwa anatafuta ugonjwa ambao haupo. Prednisoloni hupunguzwa hatua kwa hatua, kwa ratiba ya aliyekuandikia. Ukiugua homa kali ndiyo kabisa usiiache, na mara nyingine tunaiongeza kwa siku chache.

Je, kuna wakati wa kusimamisha dawa? Upo, na ni huu: umepimwa, una korona yenyewe, unakohoa na una homa. Hapo methotrekseti, leflunomidi, azathioprini na za jamii hiyo huwekwa kando wiki moja au mbili hadi utulie, kisha unarudi. Haidroksiklorokwini inaendelea, prednisoloni inaendelea. Piga simu kliniki kabla hujaamua. Anayesimamisha kwa sababu ana korona anafuata utaratibu. Anayeacha kwa sababu jirani anakohoa anajitafutia kitanda wodini.

Na kwa kuwa nimeitaja methotrekseti: ni mara moja kwa WIKI. Nimekwishaona mtu aliyeinywa kila siku mdomo ukajaa vidonda na damu ikashuka. Ushauri wangu, ambao wanafunzi wangu wameuchoka, ni kwamba uifunge dawa hiyo na siku usiyoweza kuisahau. Wagonjwa wangu wa Ujiji wengi wanainywa Ijumaa wakitoka msikitini, wa kanisani wanainywa Jumapili jioni. Iandike siku hiyo kwa kalamu ya wino kwenye boksi la dawa, herufi kubwa. Foliki kunywa siku nyingine.

"Deksa inatibu viungo na korona, ninayo nyumbani ya akiba"

Utafiti mkubwa wa Uingereza wa Juni 2020 ulionyesha kwamba deksa, miligramu 6 kwa siku kwa muda usiozidi siku 10, ilipunguza vifo kwa theluthi moja kwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, na kwa moja ya tano kwa waliokuwa wanahitaji oksijeni. Ambao hawakuhitaji oksijeni haikuwasaidia lolote. Wewe unayekohoa ukiwa umekaa kibarazani unakula mgebuka hauko kwenye kundi lile. Ile akiba itupe. Na unga wa mitishamba wa kopo unaoondoa maumivu ya miaka kumi kwa siku mbili, mimi huwa nawaza kwanza kwamba umechanganywa steroidi kwa siri, deksa au prednisoloni. Mti unaofanya kazi kwa kasi hiyo bado sijauona.

"Wenye lupasi hawapati korona, wanakunywa haidroksiklorokwini"

Wanapata. Mwanzoni mwa 2020 dunia nzima iliikimbilia dawa hii, Marekani ikairuhusu kwa dharura mwezi Machi, na Juni 15 ikaifuta ruhusa hiyo baada ya kuonekana haifanyi kazi. Katikati hapo wagonjwa wa lupasi, wanaoihitaji kila siku ili figo zao zisiharibike, walihangaika kuitafuta madukani. Wazee wa hapa wakisikia jina wanakumbuka klorokwini, ile iliyotuwasha ngozi usiku kucha hadi ilipoachwa kutumika kwa malaria mwaka 2001. Ni ndugu wa karibu, ila si dawa ileile. Mwenye lupasi aendelee nayo kwa ajili ya lupasi, na macho yapimwe.

"Nina jongo, basi kinga yangu ni ndogo"

Hapana. Jongo ni tindikali ya yuriki iliyozidi ikaganda kwenye kiungo. Uchakavu wa magoti nao ni uchakavu. Hakuna hata kimoja kinachoshusha kinga yako. Kinachoweza kukuponza na korona ni vile vinavyoandamana navyo: umri, unene, presha, sukari, figo. Mwenye jongo akipata homa kali asipokunywa maji, dole gumba la mguu litamkumbusha.

"Korona imeniachia baridi yabisi"

Virusi vingi vinaacha maumivu ya viungo, chikungunya ndiyo bingwa wao, na korona imo. Mara nyingi yanaisha ndani ya wiki chache. Naanza kushuku baridi yabisi pale viungo vidogo vya mikono vinapovimba (kuvimba, siyo kuuma tu), asubuhi vikawa vimekakamaa kwa muda mrefu, na hali hiyo ikapita wiki sita. Msiniletee karatasi ya kipimo cha rumatoidi fakta iliyoandikwa pozitivu mkasema mmekwishajua. Kipimo hicho hupanda kwa kifua kikuu, kwa homa ya ini, kwa malaria, na kwa wazee wazima wasio na lolote. Kijana mmoja wa bodaboda alikunywa methotrekseti miezi mitatu kwa sababu ya karatasi ile tu. Mikono yake haikuwahi kuvimba hata siku moja.

"Ni baridi ya ziwani"

Jina limetuponza. Ugonjwa unaitwa baridi yabisi, kwa hiyo wavuvi wanaokesha ziwani na taa wanaamini Tanganyika ndiyo imewapa, na mwaka ule wa korona wakavaa masweta mawili wakaacha barakoa nyumbani. Baridi inaweza kuongeza maumivu. Haileti baridi yabisi, na haileti korona.

"Chanjo itauamsha ugonjwa"

Chanjo zilizokuja kwetu kuanzia Julai 2021, Janssen na zilizofuata, hazina kirusi hai kinachoweza kukuambukiza. Wachache viungo huwauma zaidi siku kadhaa, basi. Kwa wanaotumia methotrekseti, utafiti wa Uingereza ulionyesha kwamba kuiruka wiki mbili baada ya chanjo kunaongeza askari wa mwili, ila ulizeni kwanza, maana wengine wiki mbili hizo zinatosha kuwawasha. Wa rituksimabu wapange tarehe na daktari kabla ya kuchanja.

"Sina homa, kwa hiyo si korona"

Prednisoloni inaficha homa. Ukiwa nayo mwilini, angalia pumzi: ukishindwa kumaliza sentensi moja bila kupumzika, njoo usiku huohuo. Na homa ikiwepo, hapa Kigoma tunapima malaria kwanza bila mjadala. Kikohozi kikipita wiki mbili, makohozi yapimwe kifua kikuu, kwa sababu dawa hizi zinaweza kukiamsha kilicholala.

"Nijifukize"

Tatizo langu si mvuke, ni mikono. Mtu mwenye viganja visivyoshika anainua sufuria ya maji yanayochemka na majani ya mwarobaini, blanketi kichwani, haoni. Nimefunga vidonda vya moto kwenye mapaja ya wagonjwa wawili kwa sababu hiyo. Ukilazimika, mwingine abebe sufuria.

Yule mama wa Kibirizi nimemrudishia methotrekseti, Ijumaa. Prednisoloni nimemwanzishia upya, na ratiba ya kuishusha nimemwandikia binti kwenye daftari lake la shule. Wakati anatoka akageuka mlangoni.

"Daktari, na mawese? Jioni huwa napaka mawese ya moto magotini."

Ya moto, mama, au ya uvuguvugu?

"Ya uvuguvugu."

Paka.